Nani Amekuruhusu Kumzimia Mwenzako?

Toleo hili sikuleta hadithi. Riwaya yangu bado imekwama sura ya saba, na wale washikaji wanaonisimamisha njiani, "Vipi, kitabu kimetoka?", nawaomba wanivumilie. Nimeleta swali. Siku ya kwanza nililichukulia kama mzaha, sasa ni miezi minne linaninyima usingizi: je, nina haki ya kumzimia mwenzangu taa kwa sekunde mbili ili mimi nipate mwanga mzuri zaidi? Usiharakishe kujibu. Mimi niliharakisha.

Nafanya kazi kwenye steshenari moja Manzese, Dar es Salaam. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunapiga paspoti saizi. Kompyuta ya kuchapia ni moja lakini ina skrini mbili. Moja inanitazama mimi, nyingine imegeuziwa benchi la wateja, ili mtu akishanisomea maneno yake ayaone na kuyasahihisha kabla hatujatoa karatasi, maana wino ni ghali na watu wanabadilisha mawazo. Siku hiyo nilikuwa na mama mmoja mtu mzima, ana barua ya madai ya kiwanja, kurasa tatu. Nilishamaliza kuchapa. Yeye alikuwa anaisoma kwenye skrini yake polepole, kidole kiko juu ya kioo, kinafuata mstari mmoja mmoja. Mimi nikaona muda unapotea bure. Tajiri alikuwa ameleta skrini ya mtumba, kubwa kuliko yangu, iko chini ya meza tangu asubuhi. Nikachomoa ya zamani, nikachomeka mpya.

Yangu ikawaka, kubwa, inapendeza. Ya mama ikazima.

Ilizima kama sekunde mbili, ikarudi. Barua ilikuwepo yote, hata nukta haikupotea. Lakini mama alishapiga kelele, "Mwanangu, umenifutia!" Nikacheka. Nikamwambia, "Hapana mama, haijafutika, ni sekunde tu." Akaniangalia. "Sekunde kwako. Mimi nilikuwa nimeshika mstari." Kweli, kidole kilishatoka. Akaanza upya kutoka juu kabisa, kule kwenye anwani, na kabla hajaenda mbali akaniuliza kitu ambacho sikuwa na jibu lake: "Kwani kioo chako na changu vinahusiana nini?"

Jibu nililitafuta usiku, baada ya kufunga. Kompyuta yetu inatumia Linux, kwa sababu tajiri hataki habari za kununua leseni, na uzuri wa Linux ni kwamba maandishi ya ndani yake yako wazi, anayetaka kusoma asome. Kidato cha nne fizikia nilipata D, sifichi. Lakini kusoma najua, na nimegundua kwamba msimbo wa kompyuta, ukiuchukulia kama riwaya yenye wahusika wengi wasioaminiana, unasomeka. Nikaingia kwenye draiva za picha. Draiva hapa si yule wa daladala, ni programu inayokaa kati ya kompyuta na kifaa chake, inayoamua nani afanye nini na lini. Hilo "lini" ndilo lililonishika shati.

Picha unayoiona kwenye skrini haijatundikwa pale kama picha ya ukutani. Inapelekwa upya kila mara, nukta moja baada ya nyingine, mstari baada ya mstari, kwa mapigo ya saa ambayo hakuna sikio linaloyasikia. Chukua ule ukubwa wa zamani wanaoujua mafundi wote, nukta 640 kwa 480. Saa yake hupiga mara 25,175,000 kwa sekunde, kila pigo nukta moja. Ungetegemea mstari wa nukta 640 uchukue mapigo 640. Hauchukui, unachukua 800. Na mistari inayohesabiwa si 480 bali 525. Zidisha, unapata mapigo 420,000 kwa picha moja. Gawanya, unapata picha 59.94 kwa sekunde. Sasa, katika mapigo yale 420,000, yanayobeba picha ni 307,200 tu. Yaliyobaki, zaidi ya robo nzima, hayabebi kitu.

Kwa nini? Kwa sababu skrini za zamani, zile zenye mgongo kama televisheni za wazee wetu, zilichora kwa mwale mmoja, na mwale ukifika mwisho wa mstari ulihitaji muda wa kurudi mwanzo. Ukifika chini ulihitaji muda zaidi wa kupanda juu. Skrini bapa za leo hazina mwale wa kurudi popote, lakini pengo limebaki, na limepata kazi nyingine: ndani ya pengo hilo draiva mwenye adabu ndipo anapobadilisha picha, ili anayetazama asiione imepasuka katikati, nusu ya zamani nusu mpya. Nilipofika hapo niliweka kikombe chini. Kumbe kuna mlango wa heshima, unafunguka karibu mara sitini kwa kila sekunde, wa kupitisha mambo yako bila kumtoa mtu kwenye mstari wake! Mabadiliko mengi yanatosha kupita hapo. Langu halikutosha.

Na hapa ndipo uhusiano wa vioo viwili unapojitokeza. Mapigo yote yanatoka kwa mzee mmoja, kipande cha fuwele kinachotetema. Kwenye kadi nyingi za picha fuwele hiyo hutetema mara milioni 27 kwa sekunde, haijui mwendo mwingine. Skrini ya nukta 1280 kwa 1024 inataka milioni 108. Basi sakiti inachukua 27 na kuzidisha kwa nne. Nyingine inataka namba isiyo laini hivyo. Inazidishwa na kugawanywa mpaka ipatikane. Kila skrini inaweza kupewa mapigo yake. Ila kuna mapigo mengine yasiyo ya skrini yoyote, ya mtambo mzima unaosoma picha na kuzipeleka. Kwenye chipu za picha za Intel hiyo ndiyo saa iitwayo CDCLK. Ni moja, inawahudumia wote. Ukileta skrini kubwa inayotaka nukta nyingi zaidi, saa hiyo inaweza kulazimika kuongeza kasi, na kuna vizazi vya chipu ambavyo kasi hiyo haibadilishwi wakati skrini zinakimbia. Lazima zote zisimamishwe. Zote, hata ile ambayo haikuomba chochote.

Wapangaji wenzangu wa nyumba za vyumba sita mita moja ya LUKU wananielewa. Unaingiza pasi yako ukutani, chumba cha tatu wanapiga yowe.

Sasa utasema, bwana we, hiyo ni fizikia, falsafa iko wapi? Iko kwenye namna watu walivyoupanga msimbo. Kwa muda mrefu, katika draiva ya Intel, mambo ya saa hiyo yalikaa ndani ya faili moja kubwa, intel_display.c, lenye mistari zaidi ya elfu kumi, yamechanganyika na mambo mengine chungu nzima. Mwaka 2017 mtengenezaji mmoja wa draiva hiyo, Ville Syrjälä, aliyachomoa mambo ya CDCLK akayaweka kwenye faili lake yenyewe. Mtu wa nje ataona ni usafi tu, kama kupanga kabati. Mimi nasema hapana. Saa ya wote ikishughulikiwa vipande vipande, kila kipande kinajua haja yake na hakijui cha jirani. Ukiikusanya mahali pamoja ndipo unaweza kuuliza kila skrini, "wewe unahitaji kasi gani?", ukachukua kubwa kuliko zote, na hapo ndipo pia unapoweza kuona nani atazimiwa. Huwezi kumhurumia mtu usiyejua kwamba yupo. Mpango wa kabati ulikuwa kwanza mpango wa kuonana.

Kuna mfano mwingine, mkubwa zaidi ya picha. Zamani kila jamii ya chipu za ARM ilikuwa na msimbo wake wa kuendesha saa, kila mmoja kwa lugha yake. Mei 2012, Linux toleo la 3.4 likaja na mfumo mmoja wa pamoja, kazi iliyoongozwa na Mike Turquette. Ndani yake kuna jambo dogo nililolipenda kuliko mengine yote: hesabu ya watumiaji. Kila anayeihitaji saa anasema "nimeshika", akimaliza anasema "nimeachia". Saa haizimwi mpaka wa mwisho aachie. Jinsi tunavyofunga ofisi, wa mwisho kutoka ndiye anazima taa, ila hapa hakuna wa kusahau kuhesabu. Lakini angalia vizuri. Hesabu hiyo yenyewe inazuia saa isizimwe. Haizuii mwendo wake usibadilishwe. Kuwepo kwako kunatambuliwa. Starehe yako ni habari nyingine.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa ustaarabu wa mashine. Kumbe kuna ruhusa! Katika kiini cha Linux, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015, kuna utaratibu uliofunguliwa rasmi wa kubadilisha skrini kwa mtindo wa yote-au-hakuna. Programu inayosimamia skrini inaandika mpango wake mzima na kuupeleka. Inaweza kwanza kuomba mpango upimwe tu bila kuguswa kitu: je, ungewezekana? Na kuna alama moja ndogo ya ruhusa. Programu isipoiweka alama hiyo, halafu mpango ukaonekana unahitaji skrini isimamishwe na kuwashwa upya, kiini kinakataa. Ni kama kusema: sitamzimia mtu mpaka uniambie wazi kwamba unakubali kuzima. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Watu walikaa, wakafikiri kwamba giza fupi ni kitu cha kuombewa ruhusa.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipofika kwenye sharti linalofuata. Alama hiyo ikishawekwa, draiva anaruhusiwa kuzivuta na skrini nyingine ambazo mpango haukuzitaja kabisa, kama saa ya pamoja inadai hivyo. Yaani nimeomba kubadilisha skrini yangu, nimesema nakubali giza, na giza likampata mama. Aliyetoa ruhusa ni aliyekuwa anafaidika. Aliyezimiwa hakuulizwa.

Nilimpelekea jambo hili rafiki yangu mmoja, fundi wa simu, mtu mwenye akili kunizidi. Alinicheka. Akasema, "Wewe unaleta maadili kwenye nyaya. Programu inayoshika skrini ni moja, ndiyo mwenye nyumba. Mwenye nyumba akikubali, nyumba imekubali." Hoja yake si ya kitoto. Mtu lazima asemee wote, la sivyo hakuna kitakachobadilika, kila skrini ikiwa na kura ya turufu tutakaa na mwendo wa mwaka jana milele. Na kweli programu ile inaziona skrini zote mbili, ilikuwa na uwezo wa kufikiri kwa niaba yao. Lakini kufikiri kwa niaba ya mtu kunamaanisha kwanza unajua anafanya nini. Programu yetu ilijua ukubwa wa skrini ya mama. Haikujua kidole.

Na isingeweza kujua. Skrini ikichomekwa hujitambulisha kwa ujumbe mfupi, sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu: ukubwa wangu huu, mwendo ninaoumudu huu. Hata kwenye mwendo huo ina lugha ya mkato, inahesabu mapigo kwa mafungu ya elfu kumi, kwa hiyo ile 25,175,000 niliyowatajia haiandikiki sawasawa. Ni 2517 au 2518, chagua. Sisi Waswahili hatuwezi kushangaa hapo, maana mshale uko kwenye saba na sisi tunasema saa moja, na maisha yanaendelea. Ninachotaka kusema ni kwamba katika baiti hizo 128 hakuna mahali pa kuandika, "Subiri kidogo, kuna mtu anasoma."

Rafiki yangu akabadilisha silaha. Akasema madhara yenyewe ni madogo, sekunde mbili! Hapo nilimjibu kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka, mpaka wateja wake wakageuka. Mdogo kwa saa ya nani? Kwangu mimi ninayesoma ukurasa kwa kuuvamia, sekunde mbili si kitu. Kwa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, aliyeushika mstari kwa kidole ili usimkimbie, sekunde mbili zilimrudisha mwanzo wa barua, na barua ile ndiyo kiwanja chake. Anayezima ndiye anayepima urefu wa giza. Hapo ndipo ubaya unapokaa, na sijaona bado msimbo unaoutibu.

Nisijifanye mtakatifu lakini. Kabla ya yote haya niliwahi kuchezea saa bila kumuuliza yeyote. Nyuma ya duka kulikuwa na skrini moja ya zamani yenye mgongo, na mimi nikiwa na umri wa kutaka kujua kila kitu, nikaiandikia mwendo kwa mkono, namba baada ya namba, kwa kukisia. Ikapiga mluzi mwembamba kama nzi wa chuma, picha ikajikunja. Nilichomoa waya ukutani mikono ikitetemeka. Maelekezo ya zamani yalishaonya kwamba mwendo usiofaa unaweza kuiharibu skrini, na mimi niliyaruka kwa sababu yalikuwa marefu. Kwa hiyo naelewa kwa nini wakubwa wanapenda kufungia saa kabatini na kuondoka na ufunguo.

Naelewa, lakini sikubali. Tazama yaliyoikuta draiva iitwayo nouveau. Hiyo iliandikwa na watu waliozichunguza kadi za Nvidia kutoka nje, bila mwongozo wa mwenye mali, ikaingia kwenye Linux mwaka 2010, toleo la 2.6.33. Kwa baadhi ya kadi za wakati huo walifika mpaka kuweza kupandisha kasi ya saa. Kisha kuanzia kadi fulani za mwaka 2014, programu ya ndani ya kadi ikatakiwa iwe na sahihi ya kampuni. Bila sahihi hiyo nouveau haikuweza kuigusa saa, na kadi ilibaki kwenye mwendo wa kuamkia, polepole, hata kama mwenye nayo aliilipia uwezo wote. Ilichukua miaka. Januari 2024, toleo la 6.7, nouveau ikapata njia ya kuzungumza na programu ya kampuni inayokaa ndani ya kadi mpya, na hiyo ndiyo inayoamua mapigo. Sasa zinakwenda kasi. Lakini mwenye draiva anaomba tu, mlango unafunguliwa kutoka ndani. Unaweza kuitetea kampuni: kasi inakwenda na umeme na joto, mtu kama mimi angeunguza kadi kabla ya chai. Sawa. Kukatazwa nakubali. Kukatazwa na mlango usio na dirisha, hapo ndipo tunapogombana.

Maana angalia mahali nilipofikishwa. Mwanzoni nilifurahia saa kukusanywa mahali pamoja, ili wote waonekane. Sasa naona kwamba mkono ulioikusanya unaweza pia kuificha. Faili lile la 2017 na programu ile yenye sahihi vinafanya jambo linalofanana, kuweka saa chini ya mkono mmoja. Tofauti yake ni kwamba la kwanza mimi, kijana wa D ya fizikia, nililisoma usiku Manzese nikajua kwa nini mama alizimiwa. Kwa la pili ningemjibu mama, "Ndivyo kilivyo." Nimeishi kwenye ofisi nyingi za kujibiwa "ndivyo ilivyo" na sitaki kuwa mmoja wao, hata kwenye kaduka kenye printa moja.

Wiki iliyopita mama alirudi. Barua yake ilikuwa imerudishwa, inatakiwa iongezwe ukurasa wa mipaka ya kiwanja. Nikachapa, akakaa benchi lile lile, kidole kikapanda kwenye kioo. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni, na tajiri alishanipigia simu mara mbili anataka ile skrini kubwa nimpelekee nyumbani, nirudishe ya zamani. Nikashika waya. Nikamwambia, "Mama, samahani, nataka kuchomoa hapa. Kioo chako kinaweza kuzima kidogo."

Hakugeuka. "Subiri nimalize mstari," akasema.

Nikasubiri. Alipoumaliza aliingia wa pili.